Sahani ya Tatu

Swali lile mwonjeshaji wa jibini aliliuliza kila Jumamosi kabla hajakata chochote. "Kuna mwenye mzio wa maziwa? Kuna mjamzito? Msione haya kuniambia, jibini nyingine laini hapa ni za maziwa mabichi, si salama kwa mimba."

Wageni wanane wakatikisa vichwa. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mwanawe alikuwa amemlipia nafasi hiyo kwa siku yake ya kuzaliwa, akacheka. "Mjamzito! Bahati hiyo sisi tunaiota tu," alisema, akimgusa bega mkamwana wake aliyeketi kando yake. Meza nzima ikacheka. Mkamwana akatabasamu kwa midomo tu, macho kayainamisha.

Mwonjeshaji aliliona hilo. Miaka sita ya kuwaongoza wateja katika chumba hiki cha juu ya duka ilikuwa imemzoesha kusoma nyuso.

Akaanza na jibini changa ya Gouda, tamu. "Iache kwanza juu ya ulimi, usiwe na haraka." Ikafuata Gruyère, ngumu, yenye harufu ya karanga zilizokaangwa. Mkamwana alikula zote mbili bila wasiwasi.

Ya tatu ilikuwa Brie ya maziwa mabichi, imeiva hadi inavuja pembeni. "Uile pamoja na ganda lake, utasikia ladha ya uyoga."

Mkamwana akainua kipande chake. Kisha mkono ukashuka polepole hadi mapajani, ambako karatasi ya kujifutia ilikuwa inangoja.

"Hujala," alisema Mwalimu.

"Nimekula, Mama."

"Nimefundisha miaka thelathini na nne, mwanangu. Mkono unaoshuka chini ya meza naujua."

Akachukua kipande chake mwenyewe, akakipaka juu ya mkate, akamsogezea mdomoni. "Haya, fungua. Leo ni siku yangu."

Watu waliacha kutafuna. Mkate ulikuwa umefika kidevuni. Macho ya mkamwana yakapanda, yakamtafuta mwonjeshaji.

"Acheni!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hiyo jibini ina kasoro. Nirudishieni sahani, wote."

"Mimi nimeshameza!" akalalamika mzee mmoja.

"Haitakudhuru, baba. Ni ladha tu imepotea."

Bosi, mwenye duka, alikuwa amesimama mlangoni. Brie ile aliichagua mwenyewe asubuhi. Akadokoa kipande, akaonja, uso ukambadilika. "Njoo huku."

Katika jiko dogo kando ya ngazi, alimgeukia. "Hii jibini haina kosa hata chembe. Umeniaibisha mbele ya wateja. Kwa nini?"

Neno moja tu lingemwokoa, lakini halikuwa lake kulisema. Kutoka chumbani sauti ya Mwalimu ilisikika ikiuliza hii ni biashara gani.

"Siwezi kukwambia, bosi."

"Basi vua aproni. Nitamalizia mwenyewe."

Vidole vilikuwa vinahangaika na fundo la mgongoni mlango ulipofunguliwa. Alikuwa mkamwana, anahema.

"Usimfukuze. Amefanya kwa ajili yangu. Nina mimba." Akameza mate. "Mbili zilizotangulia ziliharibika, na kila mara tulikuwa tumeshatangaza. Safari hii nikasema nisubiri."

Hapo ndipo walipomwona Mwalimu nyuma yake. Alikuwa amemfuata. Alishika mwimo wa mlango.

"Wiki ngapi?"

"Kumi na moja, Mama."

"Na mimi nakulisha kwa nguvu. Tena nikakucheka." Akafuta macho kwa kiganja, haraka, kama anayefukuza nzi. "Mume wako anajua?"

"Anajua."

"Vizuri. Basi mimi sijasikia kitu mpaka siku mtakaponiambia wenyewe." Kisha akamgeukia bosi. "Na wewe, mrudishie huyu meza yake."

Bosi akakohoa, akasogea kumpisha. Mwonjeshaji akakaza tena fundo, akarudi kwa wageni, akachukua kisu na kuanza kukata jibini iliyofuata.