Mchoro wa Roshani ya Nne

Waliniomba kurasa tatu tu. Historia ya mnara wa simu na usanifu wake, kwa lugha nyepesi, zibandikwe ukutani kwenye ukumbi mdogo wa maonyesho wanaoufungua pale chini ya mnara. Katika wachoraji wanne wa chumba chetu cha michoro nimebaki mimi. Binti wa maonyesho alipokuja nyumbani alilisema hilo waziwazi, "Mama, umebaki wewe tu," kana kwamba tulikuwa kwenye mbio nami nimewashinda.

Kurasa mbili za kwanza ziliandikika zenyewe. Nilieleza jinsi ilivyokuwa kabla ya mnara: ukitaka kuzungumza na mji wa pili unaandikisha simu asubuhi, unaitwa alasiri, na ukishaingia kwenye kile kibanda cha posta unapiga kelele mpaka foleni nzima inajua mambo ya ndoa yako. Mti mmoja ukiangukia nyaya, mji mzima unakaa kimya siku tatu. Ndipo wakaamua sauti zipite hewani, kutoka dishi hadi dishi, kilima hadi kilima. Lakini madishi yale hayakubali kuzibwa, lazima yatazamane ana kwa ana. Mji wetu uko bondeni, kwa hiyo ikabidi tupande juu, mita mia moja na tano.

Nikaeleza kwa nini mnara ni wa mviringo: upepo ukikuta ukuta bapa unausukuma, ukikuta mviringo unateleza pembeni na kwenda zake. Nikaeleza zege ilivyomwagwa siku kumi na tisa mfululizo, mchana na usiku, kasha la mbao likipandishwa kwa jeki shibiri moja kwa saa. Ukisimama, zege inaganda na kuacha mshono. Mshono uko mmoja tu, wa siku mashine ya kuchanganyia ilipogoma, na mhandisi mkuu aliuchukia mpaka anastaafu. Juu kabisa tukauvisha roshani nne za chuma za kubebea madishi. Watu wa mjini wakauita Mwiko, kwa sababu ya kile kichwa kinene. Tulinuna wiki nzima, kisha na sisi tukauita Mwiko.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa ajali. Binti alikuwa ameshauandika mwenyewe, akaniomba niukague tu. Aliandika: "Fundi mmoja alipoteza maisha baada ya msimamizi wake kuusoma mchoro vibaya."

"Na huyo msimamizi yupo hai, mama," akaniambia kwa furaha. "Nimempata. Amekubali kuja Jumamosi kusimama pale, awaeleze wanafunzi kwa mdomo wake. Ili wajifunze umakini."

"Namjua," nikasema. "Ni shemeji yangu. Amemuoa mdogo wangu."

"Basi vizuri zaidi."

Nikamwambia aniachie ile karatasi, nitaikagua. Alipoondoka niliketi kitini mpaka chai ikapoa na kutanda utando. Shemeji yangu hakuusoma mchoro vibaya. Aliusoma sawasawa. Mchoro wenyewe ndio uliokuwa wa uongo, na aliyeuchora ni mimi.

Nieleze vizuri, maana nimekuwa mtu wa mistari iliyonyooka maisha yangu yote, na hili peke yake nililipinda.

Mhandisi alikuwa akichora kwa penseli kwenye karatasi angavu, ile unayoona mistari yake hata ukiigeuza. Hakuandika neno lolote juu yake. Kuandika ilikuwa kazi yangu, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilijivuna nao kupita kiasi. Mimi nalaza mchoro wake mezani, natandika karatasi yangu juu, napitisha kwa wino, kisha naweka maneno na vipimo. Siku ile niliulaza wa roshani ya nne ukiwa umelala kifudifudi. Kwenye jengo la kawaida ungegundua mara moja, mlango ungekuwa upande usio wake. Lakini roshani ni duara. Duara halina kulia wala kushoto. Mlango uko katikati, dishi liko katikati upande wa pili, na kitu kimoja tu kinaonyesha kama umegeuza: tundu la sakafuni la kupitishia nyaya, upana wa mtu mmoja, lenye kifuniko cha chuma. Ukitoka mlangoni, tundu lile liko kulia. Kwenye karatasi yangu lilikuwa kushoto. Chuma chenyewe kilikuwa kimeshatengenezwa karakana kwa mchoro wa mhandisi, kwa hiyo kilikuwa sahihi. Karatasi yangu ilikuwa ya mafundi wa juu tu, wale wanaofunga madishi.

Msimamizi wao alikuwa shemeji. Kijana wa miaka thelathini, hodari, mcheshi, alikuwa akisema yeye na ndege wanapigana vikumbo huko juu. Asubuhi ya ajali watu wa nyaya walimwambia wamefungua kifuniko. Akatoa karatasi mfukoni, akaitazama. Alikuwa amening'inia kwenye nguzo juu ya roshani, akipokea kamba, na dishi lenye upana wa mita tatu lilimziba asione sakafu. Mwenzake alikuwa chini yake, amelikumbatia dishi kwa mikono miwili, mlango ukiwa nyuma yake, haoni anapokanyaga. Shemeji akamwambia, "Sogea kulia, shimo liko kushoto." Mwenzake akasogea kulia.

Habari ilifika ofisini kabla ya saa sita. Mtu alisimama mlangoni akasema msimamizi kamwambia kulia, na shimo lilikuwa kulia kulekule. Wenzangu wakapiga mayowe. Mimi nilikwenda kwenye droo, nikatoa mchoro wa penseli na wangu, nikaiweka pamoja dirishani. Matundu mawili hayakukutana.

Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika chumba kile. Wakati wananiajiri, mkuu wa chumba alisema mbele yangu kwamba watajuta. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake ilikuwa mazishi, ofisi nzima ikaenda, nikasema naumwa tumbo, nikabaki. Saa saba mchana, mlango umefungwa kwa ndani, nilichora roshani ya nne upya, tundu likiwa kulia. Nikatoa nakala kwenye mashine, ile harufu kali ya dawa yake ikinichoma macho, nikajiambia nalia kwa sababu ya harufu. Vitu vya shemeji vilikuwa vimeletwa ofisini kwenye boksi: kofia, glavu, mkanda, na ile karatasi. Nikaichukua yake nikaweka yangu. Niliikunja mara nne kama yake. Nilipaka grisi ya bawaba za mlango kwenye pembe, nikaikanyaga kwa kiatu. Yake ilikuwa na alama ya vema kwa penseli pale penye dishi, ameiweka mwenyewe. Nikaiga hata hiyo.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku mbili. Wakamwekea karatasi mbele, wakamuuliza tundu liko wapi. Akaitazama kwa muda mrefu. "Kulia," akasema. "Ila siku ile macho yangu yaliona kushoto." Wakaandika uzembe, wakamfukuza kazi.

Tangu hapo mtu yule hakuyaamini macho yake tena. Ni miaka arobaini na moja. Aliacha kuendesha gari. Alipata kazi ya kufungua na kufunga geti la shule, kazi isiyohitaji kusoma kitu. Barua zikija anampa mkewe. Bili ya umeme anampa mkewe. Akinunua kitu dukani anamuuliza muuzaji imeandikwaje, na watu wa mtaa wanadhani hakwenda shule, mtu aliyekuwa akisoma michoro ya chuma akiwa angani. Kila mwaka, tarehe ileile, anavaa shati safi anakwenda kwa mjane wa mwenzake kumwomba radhi. Mdogo wangu huwa ananisimulia anavyorudi: hali, hasemi, anaoga na kulala. Nami huwa natikisa kichwa nasema maskini shemeji. Nimesema maskini shemeji mara arobaini na moja, kwa uso mkavu.

Wala sikuwa mbaya kwao, tusipakaziane. Niliwapelekea watoto madaftari, nilikaa hospitalini mdogo wangu alipojifungua, na kila Idi na kila Krismasi nilikuwa mlangoni kwao na kapu. Watu walinisifu. Nilikuwa nikilipa polepole kitu ambacho hakuna aliyejua nimekichukua, na kwa siri nilijiona nimekaribia kumaliza. Binti wa maonyesho ndiye aliyenitoa usingizini. Mzee wa miaka sabini na moja asimamishwe mbele ya watoto wa shule, chini ya maandishi niliyoyakagua mimi, ajitie aibu kwa kosa langu. Hapo roho ilikataa.

Ijumaa alasiri nilikwenda kwao. Ile karatasi yake ya kweli ninayo, iko bapa kati ya vitambaa vya meza kabatini. Nilishaishikia kiberiti mara mbili nikashindwa. Nikaitia kwenye bahasha. Shemeji alikuwa sebuleni, shati la Jumamosi limeshapigwa pasi linaning'inia mlangoni. Mdogo wangu alikuwa jikoni, nikisikia sufuria zake.

"Karibu, dada," akasema. Hajawahi kuniita jina lingine. "Umekuja kunifundisha hotuba?"

"Nimekuja kukuonyesha kitu. Soma hiki."

"Mimi tena nisome? Ngoja mama watoto aje."

"Soma mwenyewe, shemeji."

Akavaa miwani. Akaikunjua karatasi magotini, akaona ile alama yake ya vema, akaigusa kwa kidole. Kidole kikahama polepole mpaka kwenye tundu. Kikakaa hapo.

"Kushoto," akasema.

"Kushoto. Ndiyo uliyokuwa nayo juu. Niliuchora mchoro wa mhandisi ukiwa umegeuka. Ile uliyoonyeshwa na tume niliichora baadaye nikaiweka mahali pa yako. Macho yako hayakuwa na kosa. Kosa ni langu, lote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Kwamba atanifukuza, kwamba atalia, kwamba moyo wake utashindwa nimuue na yeye. Nilikuwa nimejiandaa hata kusamehewa, Mungu anisamehe, nilikuwa na maneno ya kumjibu. Yeye alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hiyo nyingine uliichora lini?"

"Siku ya mazishi. Saa saba."

"Nilikutafuta makaburini," akasema. "Sikukuona. Nikaja kwako jioni, unakumbuka?"

Niliichukua bahasha tupu nikaanza kuinyoosha pembe zake.

"Nilikuja peke yangu. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na tume, dada, maana nilikuwa na hakika. Nilikuwa nauona ule mchoro hata nikifumba macho. Nikasema kabla sijabishana na wakubwa, nimuulize aliyeuchora. Huyu ni ndugu, hawezi kunidanganya. Nikakuuliza, shimo uliliweka wapi?"

"Shemeji."

"Ukanishika mkono. Ukaniambia, kulia, shemeji, nililiweka kulia, wewe umeona vibaya kwa sababu ya jua." Aliikunja karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ya zamani. "Tume haikunishinda. Tume nilikuwa naiweza. Nilikuamini wewe."

Yote haya niliyoyasimulia hapa, droo, dirisha, harufu, grisi, nimeyarudia moyoni miaka yote, nikidhani ndiyo dhambi yangu nzima. Jioni ile sikuwahi kuirudia. Nasema nilikuwa nimeisahau, na si kweli. Nilikuwa nikifika hapo nageukia mengine.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza. "Kesho nitasimama mimi. Nitamwambia yule binti abadilishe maandishi. Nitakwenda kwa mjane."

"Utafanya yote hayo," akasema. "Lakini kwanza mwite mdogo wako."

"Si umwambie wewe? Kutoka kwako atapokea vizuri."

"Yeye ndiye aliyenisomea kila kitu miaka arobaini na moja. Mwite."

Nikamwita. Akaja akifuta mikono kwenye kanga, anacheka, akasema leo hawa wawili wamenisengenya sebuleni kwangu mpaka wamechoka, akaketi kwenye mkono wa kiti cha mumewe. Shemeji alitazama dirishani. Mdogo wangu akanitazama mimi, kicheko kikapungua usoni mwake kidogo kidogo, akaniuliza, "Dada, kuna nini?"

Nikaanza na ile jioni.