Kisu cha Mshonaji

Kila jioni, akishafunika cherehani, mshonaji alitengeneza kisu cha kukunja, kwa kujifurahisha tu. Bapa alilikata kwenye msumeno mkuukuu, akalipiga tupa mpaka likang'aa. Mpini aliuchonga kutoka kwenye mguu wa kigoda, kile alichovunjiwa mgongoni na mumewe.

Mume alicheka mpaka akapaliwa. "Mke wangu kawa mhunzi! Kesho utaniundia ndege."

Lakini alipokijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, vikanyoleka vyote, kicheko kikamkauka.

"Kitu kama hiki hakimfai mwanamke," akasema, akakitia mfukoni. Cha mke ni cha mume. Wimbo huo mshonaji alikuwa akiimbiwa tangu siku ya ndoa.

Springi ilikuwa bado haijatiwa. Ndiyo inayolishika bapa. Bila hiyo, ukichoma kitu kigumu, kisu kinajikunja na vidole vyako ndani. Mshonaji alifungua mdomo amwonye. Mgongo ukamwuma, akafumba mdomo.

Akaenda jikoni, akachagua tikiti kubwa lenye ganda gumu, akamwekea mbele.

"Karibu, baba watoto," akasema. "Lichome kwa nguvu, limekomaa hilo."