Kiwanja cha Nyuma ya Wodi

Kocha wa chuo kikuu alimtazama mdogo wangu kwa robo nzima ya mchezo, kisha akauliza, "Huyu ni bubu?"

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, karibu kiasi cha kumzaba kofi. Nikajizuia.

"Si bubu, kocha. Ana akili."

"Akili nimeiona. Lakini anayechezesha timu lazima aseme. Huyu anavuta sikio tu, kama aliyeumwa na mbu."

Mbu! Lile sikio lilikuwa amri. Tumecheza mpira wa kikapu maisha yetu yote kwenye kiwanja kilicho nyuma ya wodi ya wazazi. Muuguzi mkuu alituruhusu kwa sharti moja: akisikia sauti, anafunga geti. Basi tukajifunza kucheza kimyakimya. Ukivuta sikio, mwenzako anakimbilia kona. Ukigusa paja, anakuja kukukinga. Mpira unatumwa mahali ambapo mtu bado hajafika, naye anafika. Nukta, ndivyo tunavyomwita huyu mdogo wangu wa kike kwa udogo wake, alituchezesha sisi wanaume wazima bila kufungua mdomo.

Leo alikuwa kwenye majaribio. Akichaguliwa, chuo kinamsomesha bure. Asipochaguliwa, anarudi nyumbani kukaa na cheti chake cha sekondari, maana baba alishasema hana cha kuongeza.

Wakamchanganya na wasichana asiowajua. Akavuta sikio; mmoja wao, mrefu, akamkodolea macho. Pasi ikaenda kona tupu, ikagonga ukuta. Ya pili ikaangusha chupa za maji. Mtu akacheka.

"Pasi ilikuwa sahihi!" nikapiga kelele. "Huyo twiga ndiye amelala!"

Mama mmoja kando yangu akanigeukia taratibu. "Twiga ni nani? Nimzae mimi, umpe jina wewe?"

"Kijana," kocha akasema bila kunitazama, "nje."

Nikabandika sikio kwenye mlango wa ukumbi. Nilisikia "Mpira!", nikasikia "Nyuma yako!", nikasikia viatu vikilia sakafuni. Sauti ya mdogo wangu, hata chembe.

Walipomaliza, Nukta alitoka viatu mkononi, uso chini. Kocha alimfuata na mfuko wa mipira begani.

"Mikono mizuri, macho mazuri zaidi," akasema. "Ila siwezi kumpa nafasi mtu asiyezungumza na wenzake."

Nilimweleza habari za wodi, maneno yakigongana mdomoni. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo silikatai.

"Pole," akasema. "Kwetu hakuna wodi." Akaelekea kwenye gari lake.

Nikamgeukia Nukta. "Sema 'kushoto'."

"Kushoto."

"Mimi niliye hapa sijasikia! Chuo kinaondoka na gari lile, wewe unanong'ona kama unaomba chumvi kwa jirani. Tena!"

"Kaka, basi..."

"Sauti itoke tumboni! Tena!"

"NYAMAZA!"

Njiwa waliruka kutoka paa la ukumbi. Mlinzi wa geti akasimama, redio ikamponyoka.

"Umenitia aibu mbele za watu! Umemtukana mtoto wa mwenzio, umefukuzwa kama kuku jikoni, halafu mwenye kosa ni mimi? Ondoka mbele yangu! Simama kule! Siyo kule, kushoto! Kushoto! Na ufunge mdomo!"

Nikasimama kushoto. Miguu ilikwenda yenyewe, kabla sijakumbuka kwamba mimi ndiye mkubwa.

Gari la kocha lilikuwa limesimama getini. Kioo kikashuka.

"Jumamosi, saa mbili asubuhi," akamwambia Nukta. "Nitakuangalia mara moja tu tena. Uje na sauti hiyo."

"Nitamleta mwenyewe, kocha," nikasema.

"Wewe," akasema, kioo kikianza kupanda, "ubaki wodini."