Mama Mkwe Yuko Hewani

Wazazi wake hawakumwita Kipaza. Jina hilo alipewa na waalikwa wa harusi, baada ya miaka kumi na miwili ya kumwona ameshika kipaza sauti mkononi kama amezaliwa nacho. Alikuwa mshereheshaji, na sauti yake nene ilijulikana mji mzima. Angeweza kumwinua kitini mtu mzima mwenye magoti mabovu na kumpeleka uwanjani kucheza, na yule mtu asijue amefikaje.

Kisha ukaja ugonjwa, ikafuata amri ya kukaa ndani, harusi zikafutwa zote kwa siku moja. Kwa wiki kumi na moja Kipaza akawa mshereheshaji wa jikoni.

"Mabibi na mabwana," alikuwa akitangaza asubuhi, kitambaa cha vyombo begani, "naomba tusimame, tuupokee mkate!"

Binti yake wa miaka minne alikuwa akipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mama mkwe hakupiga. Alitazama tu kama mkate umekatwa kwa mikono safi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu kwa siku tatu. Siku ya tatu, mkoba umeshafungwa zipu, mabasi yakasimamishwa. Akaufungua mkoba, akatoa kanga yake na sabuni yake, na toka siku hiyo nyumba ikawa chini ya utawala mpya. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne, amestaafu lakini hajaacha. Viatu nje. Mikono ioshwe mpaka kwenye kiwiko. Madirisha wazi, hata mvua inyeshe. Mkewe Kipaza, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa na hivyo kuruhusiwa kwenda kazini, alikuwa akirudi jioni na kuoga kwanza ndipo amsalimie mama yake kwa mbali.

Kipaza hakuwahi kubisha hata kidogo. Mkwe ni mkwe. Mbele yake alikaa wima, miguu pamoja, na neno lake lilikuwa moja: "Ndiyo, Mama." Mama mkwe angesema jua huchomoza saa nane mchana, angejibiwa ndiyo, Mama.

Nje ya nyumba hiyo, watu walibishana usiku na mchana. Serikali ilikuwa imesema itasikiliza maoni ya wananchi kabla ya kuamua, mwisho wa mwezi, iwapo masharti yalegezwe. Basi kila mtu akawa mtaalamu. Kwenye foleni ya mkate, watu wamesimama hatua mbili mbili, ilibidi wapaze sauti ili kubishana, na hivyo hata aliyekuja kununua mkate tu alirudi nyumbani na msimamo. Kinyozi wa kona alitaka kila kitu kifunguliwe kesho yake asubuhi. Alisema vichwa vya wanaume mtaani vimekuwa aibu ya taifa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisema asiguse mtu lango lake mpaka madarasa yapate madirisha ya maana.

Ndipo redio ya mtaa ikatangaza mjadala wa Jumamosi asubuhi: mwananchi mmoja wa upande wa kufungua, mmoja wa upande wa kungoja, wote kwa simu kwa sababu studio haikuruhusiwa kupokea wageni. Kipaza akapeleka jina lake siku hiyohiyo. Akachaguliwa. Alimwambia mkewe peke yake, akamwapisha asimwambie mama yake. Mkewe akaapa, huku akiuma mdomo kwa namna ambayo Kipaza hakuielewa.

Jumamosi ikafika. Mkewe yuko kazini, mtoto anachora sebuleni, Mama mkwe yuko jikoni na mlango umefungwa. Kipaza akaingia chumbani, akavaa koti la harusi ili sauti ikae sawa, akakaa kitandani, mguu mmoja juu ya mwingine, simu sikioni.

Mtangazaji, dada mmoja mwenye maneno ya haraka, akamkaribisha, na Kipaza akamwaga hotuba aliyoifanyia mazoezi siku nne mbele ya kioo.

"Wiki kumi na moja!" alinguruma. "Nina maharusi walioahirisha mara tatu. Bibi harusi amerekebisha gauni mara mbili: mara ya kwanza alilipunguza, mara ya pili akalipanua. Tungoje nini tena? Ifunguliwe, ifunguliwe yote, Jumatatu asubuhi!"

"Mambo hayo!" akasema mtangazaji. "Na sasa, upande wa kungoja, tunaye mhudumu wa afya mstaafu, ambaye ameomba tusitaje jina lake. Karibu, mama."

"Ahsante," ikasema sauti. "Huyo kijana anaongea vizuri. Ila ugonjwa hauna masikio."

Kipaza aliisikia sauti hiyo mara tatu. Kwanza kwenye simu. Kisha kupitia ukutani, kutoka jikoni. Kisha, ikichelewa kidogo, kutoka kwenye redio ya jirani. Akashusha mguu uliokuwa juu ya mwenzake, akakaa wima, mikono juu ya magoti, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

"Kipaza, unamjibu nini?" akauliza mtangazaji.

"Mimi... nakubaliana naye."

"Unakubaliana naye? Kaka, wewe ndiye unayempinga!"

"Ndiyo. Nampinga. Lakini kwa kweli amesema vizuri."

"Hebu ngoja, mbona nasikia mwangwi? Nawaomba wote wawili mzime redio zenu."

"Nimezima," akasema Kipaza.

"Yangu imezimwa," ikasema sauti, simuni na ukutani.

Mlango wa chumba ukafunguka. Binti yake alisimama pale na kalamu ya rangi mkononi, macho yamemtoka kwa habari aliyokuja nayo. "Baba! Bibi naye anaongea na redio! Yuko jikoni, amekaa juu ya ndoo!"

Mji mzima ukasikia. Hewani kukawa kimya, kimya ambacho watu wa redio hukiogopa kuliko moto.

"Shikamoo, Mama," akasema Kipaza.

"Marahaba, baba. Kumbe wewe ndiye unayetaka kufungua Jumatatu?"

Mtangazaji alikuwa amegeuka pembeni ya kipaza sauti chake, lakini kicheko chake kilisikika. Katika duka la dawa, wateja walisimulia baadaye, muuzaji aliishikilia kaunta kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, asiweze kumhudumia mtu.

"Mama, nilikuwa natania tu," Kipaza akaanza.

"Hukuwa unatania. Hotuba hiyo naisikia kupitia ukutani tangu Jumanne, nikadhani unafanya mazoezi ya sherehe." Mama mkwe akavuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Wiki kumi na moja unaniitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, na mimi ni mtu mzima, najua nusu ya hizo ndiyo ni hapana. Leo nakupa ruhusa mbele ya watu. Nibishie."

Hotuba yote ilikuwa imemtoka Kipaza kichwani. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya harusini.

"Mama, si harusi tu. Kuna yule mzee mpiga picha ninayefanya naye kazi. Anaishi peke yake. Nampigia kila siku. Juzi kaniambia, tangu asubuhi mpaka jioni hasikii sauti ya mtu ila yangu. Ameanza kusahau maneno, Mama. Anatafuta neno 'kijiko', halipati. Hakuna mtu aliyemwambukiza kitu. Ni upweke tu. Nani anawahesabu watu kama yeye?"

Ukutani ndoo ilisikika ikikwaruza sakafu.

"Hilo ni la kweli," akasema Mama mkwe. "Sasa na mimi nikwambie. Nikiwa na mwaka wa pili kazini, homa iliingia wodi yetu ya wazazi. Tukafunga geti, wageni marufuku. Waume za watu wakawa wanalia nje, wameshika maua, wameshika uji. Siku ya tisa nikawaonea huruma. Mkuu wa wodi aliniuliza mimi, na mimi nikasema, tufungue. Nikafungua kwa mkono wangu. Zilikuwa zimebaki siku tano tu geti lifunguliwe. Wazazi wawili hawakurudi nyumbani kwao. Sikuwa na roho mbaya, baba. Nilikuwa na roho nzuri na hesabu mbaya."

Miaka sita Kipaza alikuwa mkwe wake, na hilo hakuwahi kulisikia. Alitazama ukuta uliowatenga, akatamani kwenda jikoni. Badala yake akauliza, "Basi Mama, tufungueje?"

Hapo ndipo mjadala ulipoanza hasa. Mama mkwe alitaka nje, hewani, watu kumi na tano. Kipaza akasema kumi na tano si harusi, hicho ni kikao cha kamati. Wakavutana mpaka thelathini. Kipaza akataka nyimbo, Mama mkwe akakataa katakata, akataja mate na mahali yanapofika. "Hata kushangilia?" "Washangilie kwa mikono." "Mama, mikono haina sauti!" "Ndiyo maana." Kinyozi akapiga simu kuuliza kama anaweza kunyolea nje, chini ya turubai, akaambiwa kiti kimoja, barakoa, na asimsimulie mteja hadithi. Akasema basi bora afunge. Watu wakavunjika mbavu. Kipindi cha nusu saa kikala saa moja na nusu, hata habari za saa nne zikarukwa.

Kipaza alipotoka chumbani hakujua aweke wapi macho. Mama mkwe alikuwa ameketi mezani, naye anayakwepa. Mkewe aliporudi aliwakuta hivyo, akaanza kucheka upya.

"Ulijua!" akasema Kipaza.

"Wote wawili mliniapisha," mkewe akajibu. "Mimi nauza dawa. Nikianza kutoa siri za watu, mji huu utakuwa na nani wa kusalimiana naye?"

Mwisho wa mwezi masharti yakalegezwa kidogo: mikusanyiko ya nje, isiyozidi watu thelathini. Hakuna aliyedai kwamba redio ya mtaa ndiyo iliyoamua, isipokuwa kinyozi.

Wale maharusi walioahirisha mara tatu wakafunga ndoa Jumamosi ya kwanza, katika uwanja wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mama mkwe alifika mapema kuliko bibi harusi. Alichora duara chini kwa kila familia na kuwapangia viti kama vitanda vya wodini. Mzee mpiga picha alipewa duara lake peke yake, katikati kabisa, mahali ambapo kila mtu angepita kumsalimia.

Kipaza alishika kipaza sauti. Aliwaambia wageni kwamba leo hakuna nyimbo na hakuna kelele. Anayefurahi anyooshe mikono. Bibi harusi akaingia, gauni limemkaa sawasawa, na mikono zaidi ya hamsini ikapanda juu, ikitikisika, bila sauti. Kulisikika tu kitambaa cha gauni kikiburuta kwenye majani, na mama wa bibi harusi akipenga kamasi. Katika miaka kumi na miwili Kipaza hakuwahi kukosa neno. Hapo alilikosa, na hakuna aliyelihitaji. Mzee mpiga picha alikuwa amesahau kupiga picha.

Kazi ya Mama mkwe haikuishia hapo. Alikuwa ameandika nambari za simu za wageni wote, na kila asubuhi kwa siku kumi na nne alimpigia kila mmoja: umeamkaje, unasikia harufu ya chai, kifua vipi? Siku ya sita, shangazi wa bwana harusi akajibu kwa kukohoa.

Vipimo vilichukua siku mbili. Siku hizo mbili Kipaza hakutangaza mkate wala chai. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akavipanga, akavipangua. Mchana wa siku ya pili Mama mkwe akavuta kiti, akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi ndiye niliyesema tufungue, Mama," akasema Kipaza.

"Tulisema wawili," akajibu. "Na safari hii tulihesabu. Ngoja."

Wakangoja. Simu ilipolia, Mama mkwe aliipokea, akasikiliza, akaguna, akaikata. "Mafua," akasema. "Mwanamke mzima, analala na nywele mbichi!" Kipaza akacheka mpaka akalia, au labda ilikuwa kinyume chake, na mtoto akaja mbio kuuliza nani anasherehekewa.

Siku ya kumi na nne ikapita, wote thelathini wazima. Jioni hiyo simu ikaja ya maharusi wengine, waliotaka Jumamosi ijayo. Kipaza aliwaomba wangoje kidogo, akaziba simu kwa kiganja.

"Nawaambia watu ishirini," akamnong'oneza Mama mkwe.

"Ishirini? Kwa uwanja ule? Waambie thelathini."

"Mama, hapana. Safari iliyopita nilikonda."

"Hapana, unasema?" Mama mkwe akamtazama juu ya miwani, kisha uso wote ukamfunguka kwa tabasamu. "Haya, nipe sababu."

Akampa sababu, naye akampa zake. Maharusi wakangoja kwenye simu mpaka muda wa maongezi ukawaishia, wakapiga tena, na chai ilipopoa kabisa wakaambiwa ishirini na watano.