Mlango Uliovuka Mpaka

Sikuwa namchunguza mke wangu. Nataka hilo lieleweke mapema, maana mtaani wamekwisha kunipaka matope. Mimi ni seremala. Kazi yangu ni kutazama kitu nikajua kimenyooka au kimepinda, na mambo ya mke wangu nilianza kuyaona yamepinda tangu alipoanza kumtaja Bwana Mizani.

Mke wangu anauza maharage ng'ambo. Kila siku ya soko hupakia magunia kwenye mkokoteni, akavuka kizuizi cha mpakani na wanawake wenzake, na jioni akarudi na sabuni, ndoo za plastiki na vitenge vya kuuza upande huu. Zamani alikuwa akirudi na habari za bei na vumbi. Siku hizi ni Bwana Mizani kasema hivi, Bwana Mizani kashauri vile. Huyo bwana ana ghala upande wa pili. Ndiye anayewapimia wanawake mizigo yao na kuwatunzia kilichobaki.

"Mizani yake haidanganyi," mke wangu akasema siku moja.

"Na mwenyewe je, hadanganyi?" nikamuuliza. Hakucheka.

Sikatai kwamba biashara ya mpakani imetufaa, nisije nikaitwa mtovu wa fadhila. Kwa ushuru wa soko tumepata bomba la maji karibu na shule, zahanati imeezekwa, na barabara ya kwenda kizuizini imewekwa lami hadi mbele ya karakana yangu. Wanawake waliokuwa wakipanga mafungu ya nyanya chini sasa wanajenga vyumba, na anayejenga chumba anataka kitanda na mlango. Kwa hiyo hata mimi ninakula kwenye sahani hiyo hiyo. Lakini mtu anaweza kula na bado tonge likamkwama.

Aliyenichochea ni kinyozi, jirani yangu. Siku moja ananinyoa, akaniambia, "Fundi, hongera. Sisi wenzio, wake zetu wana nchi moja, wako ana mbili."

Waliokuwa wakisubiri zamu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikasema hayo ni maneno ya watu tu.

"Lisemwalo lipo, fundi," akasema, "na kama halipo laja." Nikatoka pale kichwa kimenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine.

Sasa kuna habari ya mlango. Mganga hajigangi: nyumba za watu nimezitia milango, lakini chumbani kwetu miaka yote tulikuwa na pazia. Kabla ya mvua kuanza nikaamua liwalo na liwe, nikatengeneza mlango wa mninga, mbao nene, zilizokaa kivulini mpaka zikakauka kweli kweli. Nikaupiga msasa kwa mkono. Nikamwita mke wangu nikamwambia, "Huu ni wetu."

Akaupapasa, kisha akasema, "Baba watoto, naomba nimpelekee mteja. Sisi utatutengenezea mwingine."

"Mteja gani?"

"Utamjua."

Nilikasirika, lakini alinitazama kwa yale macho yake ya kuomba, nikauachia. Mwingine sikutengeneza. Mlango wa chumba cha ndoa mtu hautengenezi kwa kurudia.

Siku ya soko iliyopita aliamka akapiga pasi gauni lake la bluu. Gauni la kuvaa kwenye harusi za watu, leo linakwenda kwenye maharage! Akajipaka mafuta, akawa anaimba kidogo kidogo.

"Leo kuna nini?" nikauliza.

"Kuna wageni ghalani kwa Bwana Mizani. Niombee."

Nimwombee! Alipoondoka nikashika randa, randa ikanikataa. Kila nilipotazama ubao niliona gauni la bluu. Nikafunga karakana, nikavuka.

Ghala halikunipa shida. Kila niliyemuuliza alilijua, na hilo nalo likaniudhi. Uani nilimkuta mama mmoja akipepeta maharage. Mke wangu hakuwepo. Bwana Mizani hakuwepo.

"Wametoka pamoja sasa hivi," akasema yule mama bila kuinua macho, "wameenda kuwapokea wageni."

Mimi nilisikia hilo "pamoja" tu. Nikageuka, na hapo nikauona. Mlango wangu, umetundikwa kwenye chumba cha pembeni kinachotazama uani.

"Hicho chumba cha nani?"

"Cha Bwana Mizani. Hupumzika humo mchana."

Nikausukuma. Ndani kulikuwa na kitanda kimetandikwa vizuri, meza, na shati jeupe limening'inia msumarini, limepigwa pasi. Damu ikanipanda. Nikaufunga, nikaufungua, nikaufunga tena. Mvua zote zile zimeupiga, maana pale hakuna hata baraza, na haukuvimba, haukukwaruza sakafu, ulijifunga kimya. Siku nyingine ningejivuna. Siku hiyo niliona hata mlango wangu umekwisha kumzoea.

Bisibisi hainitoki mfukoni. Nikaanza na bawaba ya chini.

"Wewe baba, unafanya nini?" yule mama akainuka na ungo wake.

"Nachukua changu."

Nikajitwika mlango kichwani nikaondoka. Kizuizini askari wa forodha, ambaye nimemtengenezea kabati, akanisimamisha.

"Fundi, asubuhi ulivuka mikono mitupu."

"Ni wangu huu."

"Wenzako wanaficha sukari kwenye nguo, wewe umebeba mlango mzima. Sasa nikukague vipi? Nibishe hodi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye akanipungia mkono nipite. Niliitembea lami yote ile na mlango kichwani. Kinyozi akatoka nje, mkasi mkononi, kunitazama, na wala sikuona haya. Nilijiona nimeshinda.

Mke wangu alirudi mapema, jua bado liko juu, bila ndoo wala kitenge. Akaukuta mlango umeegemea ukuta wa karakana. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Yule mama alituambia ni mwanamume mwenye vumbi la mbao kwenye nywele. Nikambishia."

"Mlango wa chumba chetu ulikuwa unafanya nini kwa mwanamume mwingine?"

Akakaa kwenye rundo la mbao, gauni lake la bluu na yote, akanieleza polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa. Soko jipya linajengwa karibu na kizuizi, la pande zote mbili. Kila mwanamke mfanyabiashara atapata kibanda chenye mlango na kufuli, asihangaike tena kurudi na magunia yake au kutafuta wa kumtunzia. Kamati ya soko ilikuwa inatafuta fundi wa milango hiyo yote. Na kamati ile hainunui mlango kwa kuutazama. Kila fundi hutundika mlango wake mahali panapopigwa na mvua, unakaa hapo msimu mzima, na mvua zikiisha kamati huja kuufungua na kuufunga. Wenye kuvimba umeshindwa. Bwana Mizani alikubali ule wangu utundikwe chumbani kwake kwa sababu chumba chake hakina baraza.

"Leo ndiyo wamekuja," akasema. "Mlango wa fundi mmoja umepasuka. Wa yule fundi wa ng'ambo umekwaruza sakafu mpaka wameusukuma kwa bega. Nikawaambia sasa njooni muone wa mume wangu. Nimewatangulia mwenyewe. Tumefika, tumekuta matundu ya skrubu."

Nilitafuta mahali pa kuweka mikono yangu, sikupaona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ya ile kazi ya zahanati."

Alikuwa na haki. Zahanati ilipokuwa inajengwa niliutangazia mtaa mzima kwamba milango ni yangu, nikanunua mbao, na kazi akapewa mwingine. Kinyozi alipata hadithi ya kuwasimulia wateja wake hadi leo.

"Sikutaka wakucheke tena," akasema. "Nilitaka nikuletee kazi ikiwa mkononi. Ungeita mafundi wote wa mtaa huu na bado wasingetosha."

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angepiga magoti. Mimi nikauliza, "Na huyo bwana wako alisemaje?"

Akaokota kibanzi cha mbao, akakivunja.

"Alikutetea. Aliwaambia wasubiri, pengine mwenye mlango ameuchukua kuurekebisha. Wakasema mlango usiokuwepo haufunguki. Kazi wamempa yule ambaye wake umekwaruza."

"Nitaurudisha sasa hivi. Nitawaomba."

"Usiurudishe," akasema, akainuka, akakung'uta vumbi la mbao kwenye gauni. "Si ulisema ni wetu? Utundike."

Nikautundika. Yeye alilishusha pazia, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kabati, hakunisaidia kushika wala hakuniambia neno. Nilipokaza skrubu ya mwisho nikarudi nyuma kidogo kuutazama. Wallahi ulikuwa mlango.

"Umekaa," nikasema.

Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, jinsi nadhani kamati ingefanya. Kisha akaingia ndani, akaufunga nyuma yake, nikasikia komeo likisukumwa.

Nikabisha hodi. Nikamwita mama watoto, nikamwita kwa jina lake la usichana, ambalo silitumii ovyo. Kimya. Baada ya kitambo simu yake ikalia. Akaipokea, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, mazungumzo marefu, na mahali fulani katikati kulikuwa na kitu ambacho huenda kilikuwa kicheko na huenda kilikuwa kilio. Nikabandika sikio. Lakini mbao nilizichagua mwenyewe, nene, na fremu haina hata ufa wa kupitisha wembe. Nilisimama pale mpaka sikio likauma, na sikuweza kujua anazungumza na nani.