Kindege Miguuni pa Mama Mkwe

Fundi saa alikuwa amejipangia kwenda ziwani peke yake, lakini mama mkwe aliyekuja kuwatembelea yeye na mkewe akaipindua mipango hiyo kwa sentensi moja.

"Nami nakwenda, mkwe wangu. Nimechoka kuangalia kuta."

Angemwambia nini? Alimfungulia mlango wa gari, akampakilia kiti cha kukunja, mwavuli wa manjano na dumu la maji.

Ziwa lenyewe lilikuwa katikati ya jangwa, chumvi tupu, lakini ndege waliohama kutoka kaskazini walitua hapo kupumzika. Kwa miaka minne fundi alikuwa akimsaka mmoja tu: kindege cha kahawia chenye kidari cha buluu. Akabandika darubini machoni, kimya.

Mama mkwe na kimya walikuwa mbalimbali. Alisimulia harusi ya mpwa wake, akahamia kwenye goti lake la kushoto, akarudi harusini. Kundi la flamingo likasogea mbali.

"Mama," fundi alisema kwa adabu zote, "hawa ndege wanasikia."

"Basi leo watasikia mazuri."

Jua lilipokolea, mama mkwe alivua viatu, akajimiminia maji miguuni bila huruma mpaka kikatokea kidimbwi. Na ndiyo maji yao ya kunywa! Fundi aligeukia ziwa haraka, asije akaropoka.

Baada ya muda alishtuka. Mbona kimya? Akageuka, roho mkononi.

Mama mkwe alikuwa ameganda kitini, hata jicho hapepesi. Katikati ya miguu yake kindege cha kahawia kilikuwa kinakunywa maji, kidari buluu kabisa. Fundi akafungua mdomo.

"Shii!" mama mkwe alimkemea kwa mnong'ono. "Mtoto wa watu ana kiu."

Kindege kikanywa, kikaoga, kikajikung'uta na kumrushia maji vidoleni, kisha kikaenda zake.

"Miaka minne, Mama!" Fundi alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Miaka minne!"

"Ulikuwa unakitafuta kwenye chumvi. Katoka safari yote ile, akanywe chumvi?"

Njiani kurudi, koo zimewakauka wote wawili, mama mkwe alikuwa kwenye simu na dada zake, mmoja baada ya mwingine. Kufikia dada wa tatu, katika hadithi yake kindege kilikuwa kimeshatua gotini kwake. Fundi alitabasamu, akakanyaga mafuta.