Usifunue Kapu

Mkewe Tangi alipokwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, aliacha nyumbani mambo matatu anayoyajua vizuri: mume mstaafu asiye na kazi, ua wa nyuma uliojaa magugu, na jiko lake la gesi, lile kubwa lenye oveni chini, ambalo alilifuta kila jioni kwa kitambaa chake chenyewe kisichoguswa na mtu. Aliporudi, magugu hayakuwapo. Mume alikuwapo, kakonda kidogo, kaungua na jua. Jiko lilikuwa uani chini ya kipande cha bati, limeng'olewa mlango wa oveni, na ndani ya oveni alikuwamo kuku.

Kuku mzima, tena analalia mayai. Alimtazama mwenye jiko kwa jicho la upande, akafura, akatoa sauti ya kumfukuza. Mgeni hapo hakuwa yeye.

"Baba watoto," mkewe akaita, mkoba ukiwa bado begani. "Hebu njoo."

Tangi alikuja akijifuta udongo mikononi. Alikwisha kuizoea sauti ile katika miaka yao yote ya ndoa, na alijua kwamba inapokuwa ya taratibu hivyo, ndipo pa kuogopa.

"Jiko langu lina nini ndani?"

"Lina kuku."

"Kuku namwona, macho ninayo. Nauliza, jiko langu limekosa nini hata likatupwa nje likatiwa kuku?"

"Halikukosa kitu, mke wangu. Ila mafuta yanakwisha. Na gesi nayo ni hayo hayo, tumbo moja. Sasa nikasema, kabla hayajatuacha, tuyaache sisi."

Mkewe alishusha mkoba. Alimtazama mumewe, akamtazama kuku, akamrudia mumewe.

"Watu mwanamume akioa husema kapata jiko," alisema. "Wewe ulipata mawili. Moja umelitupa uani. Hili la pili ulipanga kulitia bata?"

Tangi alitaka kucheka, lakini uso wa mkewe ulimwambia asithubutu.

"Nimekuja kutazama," mkewe aliendelea. "Jumapili kuna basi la kurudi kwa binti yako. Nikipanda utaniona nimepanda."

Siku hizo, kwa shida ya dizeli, basi lilikuwa likipita mara moja tu kwa wiki, na nauli yake haikuwa ya kwenda na kurudi kama mchezo. Mtu akipanda, amepanda. Tangi aliingia ndani na ule mkoba mkononi.

Jina hilo la Tangi alipewa na madereva wenzake. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la mafuta, na kila aliposimama, iwe mizani, iwe mgahawani, alipanda juu, akafunua mfuniko, akachomeka kijiti cha kupimia, akakitoa na kukitazama kama mafuta bado yapo. Hata pale ambapo hakuna aliyelikaribia lori. Wenzake walimtania kwamba akilala nyumbani huamka kumpima na mkewe kama bado yupo.

Lakini ni huyo huyo mwenye wasiwasi aliyeona mapema kuliko wengine. Mwishoni mwa kazi alipanga foleni ghalani kutwa kucha, malori yamejaa barabara nzima na madereva wanapikia uvunguni mwa magari yao. Zamu yake ilipofika, mlinzi wa ghala alichomeka kijiti katika tangi kubwa kuliko yote, na kijiti kikatoka kikavu, kimelowa nchani tu. Tangi alikitazama kijiti kile kwa muda. Jioni ile aliliegesha lori, akaenda zake nyumbani, na tangu siku hiyo akawa hana hadithi nyingine ila ya mafuta kwisha. Mtaa mzima ulimkimbia kwa maneno yale. Mkewe, ambaye hana pa kukimbilia, alimsikiliza huku akishona.

Basi mkewe alipoondoka, Tangi akafanya yote aliyokuwa akiyasema.

Tusiseme uongo, kazi aliifanya. Alifunga mabati ya kukinga mvua kuzunguka paa lote na kuyapeleka kwenye pipa kubwa. Alipanga matairi mabovu ya lori uani, akayajaza udongo na mbolea ya kuku, na mchicha ukachipua ndani yake kwa fujo. Alizungusha mpira mweusi juu ya bati, jua likawa linapasha maji ya kuoga bila kijiti kuwashwa. Alijenga jiko la udongo linalokula vijiti vichache na kutoa moto wa kutosha. Kitu kimoja tu hakukigusa katika nyumba ile, nacho ni cherehani ya mkewe. Yenyewe ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, haina shida na mtu, na pia Tangi bado alikuwa anapenda maisha.

Mkewe alikagua. Siku ya kwanza alisema pipa limeinama. Siku ya pili alisema udongo wa jiko utapasuka, maana ameukandika ukiwa na maji mengi. Siku ya tatu aliingia kuoga maji ya kwenye mpira, akakaa humo bafuni muda mrefu sana, na Tangi aliyejipitisha nje makusudi akamsikia anaimba. Alipotoka hakusema lolote. Tangi naye hakuuliza, akajipa moyo kimyakimya.

Ikafika Jumamosi. Mkewe hakuwa ametamka neno juu ya basi, na Tangi akakata shauri kwamba chakula cha jioni ndicho kitakachosema kwa niaba yake. Atampikia maharage kwenye kapu.

Kapu lenyewe ndilo alilojivunia kuliko vyote. Lilikuwa kapu kubwa la nguo za kufua, amelizungushia ndani mto mnene wa pamba na masalio ya vitambaa, na mto mwingine wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa usiku unayachemsha barabara juu ya moto, sufuria ikitokota unaitumbukiza kapuni na kuifunika gubigubi. Moto unauzima. Joto halina pa kutokea, kwa hiyo maharage yanaendelea kuiva yenyewe huko gizani mpaka saa ya kula. Sharti lake ni moja tu: usifunue.

Sasa mwambie hivyo mtu aliyeitwa Tangi.

Mkewe alitoka kwenda kumpima jirani gauni. Tangi alibaki na kapu lake jikoni. Alikaa akalitazama. Akasimama, akaenda kwenye mchicha, akarudi. Je, kama yamepoa? Alifunua kidogo tu, mvuke ukampiga usoni, akachota harage moja, akalitafuna. Bado. Akafunika. Akaenda kumwangalia kuku, kuku akamfukuza. Je, kama sasa yameiva na yeye anayaacha yavurugike? Akafunua tena. Bado, tena gumu zaidi, au ni meno yake. Aliporudia mara nyingine mvuke ulikuwa haba, na kadiri ulivyopungua ndivyo mkono ulivyozidi kwenda kwenye kapu.

"Umefunua mara ngapi?"

Mkewe alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Mara moja," Tangi alisema, kijiko kikiwa mdomoni.

"Mara moja."

"Ukihesabu na hii, ni mara kadhaa."

"Baba watoto, hili ni kapu au ni lori?"

Mkewe aliinama, akapitisha vidole ukingoni mwa mto, akakunja uso kama fundi aliyeletewa kazi ya fundi mwingine.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi."

"Mkono wangu wote unapita. Huu si mshono, hizi ni ahadi. Hata usingefunua, joto lingetoka tu hapa likaenda kutembea." Aliitoa sufuria akampa. "Washa moto. Chemsha upya mpaka yatokote, yatokote kweli, siyo kutabasamu."

Tangi aliwasha vijiti, akachochea, akasimamia. Maharage yalipotokota sawasawa aliyarudisha kapuni, mkewe akafunika mwenyewe, akaliziba lile pengo kwa kanga iliyokunjwa. Tangi akauzima moto, akaufukia na jivu. Mkewe akageuka, akakusanya gauni lake, akajibwaga juu ya kapu.

"Unafanya nini?"

"Nakalia chakula changu. Nikiondoka hapa utafunua, nakujua. Vuta kile kigoda, tuongee."

Tangi akavuta kigoda. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka miguuni pao, na kuku huko nje alikuwa kimya katika oveni yake.

"Kuku hakuniudhi," mkewe alianza. "Kilichoniudhi ni nini, unajua?"

"Nilikwenda kinyume na..."

"Hukuniuliza. Jiko ni langu, nyumba ni yetu, uzee huu unaoukingia mvua ni wetu wote wawili. Umejiandaa vizuri, sikatai. Lakini umejiandaa kama mtu asiye na mke."

Maneno yale yalimwingia. Tangi alitazama mikono yake yenye udongo kwenye kucha, na alipojibu hakutafuta maneno mazuri.

"Nilikuwa naogopa. Nikikuuliza ukakataa, nisingeanza. Halafu nyumba ilikuwa kimya, mke wangu. Wewe ukiwapo ile cherehani inakwenda kutwa, hata siisikii tena. Ulipoondoka ndipo nikasikia. Nikikaa nasikia ule ukimya, nikichimba sisikii. Basi nikawa nachimba."

"Ungenipigia simu ukaniambia."

"Nilipiga. Ukaniuliza umekula? Nikasema nimekula. Ikakatika."

Mkewe alicheka kidogo, akajizuia.

"Na mimi nikwambie langu," alisema. "Kule kwa binti yako, mkweo anaamka alfajiri na mtungi mtupu kwenda foleni ya gesi, anarudi mchana na mtungi mtupu. Mtoto anataka maji ya moto, tunawasha vipande vya kabati. Nikawa kila siku najiambia, yule mwehu wangu kumbe aliona. Safari nzima ya kurudi nimepanga namna ya kukusifu. Nikafika, nikafungua mlango wa uani, nikakuta kuku. Sifa zote zikaniishia hapo hapo."

Tangi hakuamini masikio yake. Alikuwa amehangaika siku nne kutafuta kitu alichokuwa ameshapewa, akakimwaga mwenyewe.

"Nisamehe," alisema. "Kweli kabisa, nisamehe."

"Nimesikia. Kuku akishatotoa, utamjengea kwake, jiko litarudi ndani na mlango wake. Tutaweka mtungi mmoja wa akiba, wa siku ya mgonjwa na siku ya mvua isiyokatika. Hili kapu nitalishona mimi. Na lile pipa utalinyoosha."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo haraka hivyo. Pipa zito lile."

"Nitalinyoosha."

Jua likatoka miguuni pao, likapanda ukutani. Lakini Tangi alikuwa na swali moja limemkaa kooni, nalo ni la basi. Maana mtu anaweza kukupangia mitungi na mapipa, akashona na kapu lako, na kesho akapanda akaenda zake kwa mjukuu. Mdomo ulimwasha. Mara mbili aliufungua, mara mbili akaufunga. Mtu huyu aliyefunua kila kitu maishani mwake alikaa juu ya kigoda akijilazimisha kuacha kitu kimoja kikiwa kimefunikwa, na jasho likamtoka.

Simu ya mkewe ikalia. Alikuwa binti yao, na kwa kuwa mkewe alisikia vizuri zaidi kwa spika, mazungumzo yote yakamwagika jikoni.

"Mama, konda anataka kujua sasa hivi. Nikuwekee kiti cha kesho?"

"Cha nini? Mimi nimeshakaa."

"Umekaa wapi?"

"Juu ya maharage ya baba yako."

Upande wa pili mtoto alisikika akilia kwa mbali.

"Mama, sijakuelewa. Unakuja au unakaa?"

Mkewe alimtazama Tangi pale kwenye kigoda, alivyojikunja, alivyoshikilia magoti yake kwa mikono miwili kama abiria kwenye mteremko.

"Nakaa, mwanangu," alisema. "Kiti kampe mtu mwingine. Nyie ndio mje, mumeo abebe na ule mtungi wake mtupu, aje afundishwe kushona kapu. Huku maji ya moto yapo, yanatoka juu ya bati."

Alipokata simu, Tangi alikuwa amegeukia ukutani, anajipangusa macho kwa mkono wa shati, anajipangusa tena.

"Una nini?"

"Moshi," Tangi alisema.

Mkewe aliutazama moto uliozimwa tangu alasiri, jivu lake limepoa kabisa.

"Moshi wa moto gani?" aliuliza, na wala hakuinuka juu ya kapu.